Ukitoa, Jazia

Kuna bakuli la watu mezani kwangu. Ni la bati, jeupe, ukingo wake wa bluu umebanduka hapa na pale, na nimeshaliosha mara nyingi kuliko linavyostahili. Ni la mama wa chumba cha pili, hapa Pasua mjini ninapopanga. Jumapili jioni aligonga mlango wangu, akaninyooshea makande ya moto, akasema, "Kula, mwanangu. Naona taa inawaka lakini jiko halinuki." Akaondoka kabla sijapanga maneno ya kushukuru. Makande niliyala yote, tena nimesimama. Tangu hapo bakuli lipo hapa, safi, tupu, linanitazama.

Najua utasema, si umrudishie mama wa watu bakuli lake, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba chumbani kwangu hakuna cha kuweka ndani yake. Nimemaliza chuo, cheti ninacho, na nina simu ambayo kila ikilia moyo unaruka nikidhani ni watu wa usaili, kumbe ni kampuni ya simu inanikumbusha kujaza salio. Unga umebaki wa kukung'uta. Chumvi ipo, ya kutosha hata kukaushia samaki, lakini nani anampelekea jirani chumvi?

Basi siku hizi natoka kwa mlango wa nyuma. Nazunguka bafu la uani ili nisipite mbele ya mlango wake. Nikimsikia anakohoa, nazima redio. Kichwani nimeshaendesha kesi nzima: labda anadhani nimelivunja, labda anadhani naringa kwa sababu nimesoma, labda hafikirii kitu chochote na mimi ndiye ninayejichosha. Na je, nikilipeleka tupu? Hapo ndipo fikra zangu hukwama, maana mimi nililelewa na bibi, kule Machame mlimani, na kwa bibi bakuli tupu lilikuwa zito kuliko tusi.

Nilipelekwa kwake nikiwa darasa la tatu, mama alipopata kazi mbali. Nilitoka Soweto, mtaa wa mjini wenye vumbi na bomba linalokohoa hewa kabla ya kutoa maji, nikapandishwa mlimani hadi kwenye kihamba cha bibi, shamba la nyumbani ambamo migomba imesongamana mpaka jua linaingia kwa vipande. Chini ya migomba kulikuwa na mibuni, chini ya mibuni magimbi, na katikati ya vyote nyumba ya bibi, zizi la ng'ombe, na jiko la nje lililokuwa jeusi ndani kama sufuria. Mfongo, ule mfereji wa maji unaoshuka kutoka msituni, ulipita nyuma ya jiko, na usiku wa kwanza sikulala kwa sababu nilidhani kuna mtu amesahau kufunga bomba.

Kiswahili cha bibi kilikuwa cha kujifunza kanisani na sokoni. Ndoto zake aliziota kwa Kichagga. Kwa hiyo maneno yake ya Kiswahili yalikuwa machache, na kila moja lilifanyishwa kazi nyingi, kama kile kisu chake kimoja kilichomenya ndizi, kikakata majani ya ng'ombe na kuchokonoa miiba miguuni mwangu. Neno lililochoka kuliko yote lilikuwa jazia.

"Jazia moto," maana yake ongeza kuni. "Jazia ng'ombe," maana yake mpelekee majani mengine. "Jazia mgomba," maana yake beba samadi uimwage shinani, kwa kuwa jana tumekata mkungu wake na hatuwezi kula tu kama nyani. Nikiamka mapema mno siku ya Jumamosi aliniambia, "Rudi ukajazie usingizi." Mtu akiitikia salamu bila kuuliza habari za nyumbani, bibi alisema huyo "hajazii salamu," na kwa wiki nzima alimtazama kwa jicho la pembeni. Na juu ya yote kulikuwa na sheria moja, aliyoitamka hata akiwa na pini za nywele mdomoni: ukitoa, jazia. Atakayechota kikombe cha mwisho kwenye ndoo ndiye atakayekwenda mfongoni. Atakayechukua ukuni wa mwisho ataokota mwingine.

Kwa mtoto mwenye wasiwasi sheria hiyo ilikuwa faraja na adhabu kwa pamoja. Faraja, kwa sababu ilionyesha kwamba kila kinachopungua kinaweza kurudi, na mimi wakati huo nilikuwa na mama aliyepungua. Adhabu, kwa sababu nilishinda nikichungulia ndani ya vyombo. Nilikunywa maji nusu kikombe nusu kikombe ili nisiwe mimi wa mwisho.

Bakuli la jirani lilikuwa kilele cha sheria hiyo. Likija na ndizi, linarudi na maharage. Likija na maziwa, linarudi na parachichi. Kama nyumbani hakuna kitu, unaweka hata yai moja, hata kipande cha kiazi kilichobaki asubuhi, lakini chombo cha jirani hakirudi kitupu. Kukirudisha kitupu ni kumwambia mwenzako: mimi na wewe basi, yaishie hapa.

Sasa, masika ya mwaka ule alikuja mwalimu mpya wa Kiswahili. Alikuwa msichana mrefu kutoka upande wa Kigoma, mwenye sauti ya chini na sweta moja ya kijani aliyoivaa kila siku kwa sababu baridi yetu ilimshtua. Alipanga chumba kwa jirani yetu wa juu. Mlimani hatusemi jirani wa kulia au wa kushoto. Tunasema wa juu na wa chini, na huyu wa juu alikuwa mjane mcheshi, rafiki wa bibi tangu ujana wao.

Mimi darasani nilikuwa siwezi kuzungumza. Majibu niliyajua, ila nikisimama, macho yote yakinigeukia, sentensi ilikatika katikati kama uzi wa zamani, na wenzangu wakaimalizia kwa kicheko. Walimu wengine waliniambia, "Kaa chini." Mwalimu wa Kigoma alisubiri. Alisubiri mpaka darasa likachoka kucheka. Kisha akaanza kuniita chumbani kwake baada ya shule. Yeye alifua au kupasi, mimi nikatunga sentensi kwa mdomo, na kamwe hakunimalizia neno. Hatukuandika kitu. "Sema tu," aliniambia. "Ukikwama, kwama. Mimi sina haraka."

Neno la kwanza tulilogombania lilikuwa, bila shaka, jazia.

"Bibi anajazia moto," nilisema.

"Moto haujaziwi, moto huchochewa."

"Kwetu unajaziwa, mwalimu."

"Kwenye mtihani hutakuwa kwenu." Lakini alicheka, na siku iliyofuata nikamsikia mwenyewe akimwambia mama mwenye nyumba, "Ngoja nikujazie moto, mama."

Bibi alipenda kwamba nilianza kusema mezani. Akampelekea mwalimu bakuli la kiburu, zile ndizi zilizopikwa na maharage mpaka zikashikana. Bakuli lilikuwa lake la siku za wageni, lenye maua mekundu. Nililibeba mimi, nikitembea kwa hatua za bibi harusi ili lisimwagike.

Siku chache zikapita. Kisha jioni moja, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, mwalimu akaja mwenyewe.

"Shikamoo, bibi. Nimeleta bakuli. Ahsante sana, ndizi zilikuwa tamu."

Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akatazama ndani. Lilikuwa limesuguliwa likang'aa. Ndani yake hapakuwa na kitu.

"Marahaba," alisema bibi, na hakuongeza neno. Hakujazia salamu.

Mwalimu alisimama kidogo, akavuta mikono ya sweta yake, akaaga. Bibi akalifudikiza bakuli juu ya rafu, akakaa kwenye kigoda, akaanza kumenya ndizi kwa nguvu kana kwamba zimemkosea. Haukupita muda jirani wa juu akaingia kuomba kaa la moto, akaona bakuli, akaelewa.

"Yeleuwi! Limerudi limenyolewa?"

"Limenyolewa kipara," alisema bibi.

"Labda kwao ndivyo."

"Kwao wapi ambako watu hawali? Amesoma yule. Chakula chetu cha moshi amekiona cha nini." Kisha akanigeukia mimi, nami nilikuwa nimejificha nyuma ya moshi. "Na wewe, huko kwake huendi tena."

Basi hiyo ndiyo hofu niliyolala nayo. Usinicheke. Mtu mmoja duniani alikuwa ananisubiri nimalize sentensi, na sasa nilikuwa namkosa kwa sababu ya bakuli. Nililala nikiwaza: kama bibi hatamsamehe, sitakwenda kwake, nisipokwenda, nitanyamaza tena, nikinyamaza, mama akija likizo atakuta mtoto yule yule aliyemwacha, na ataona hakuna sababu ya kubaki. Fikra za mtoto mwoga hupanda ngazi haraka.

Jumapili mambo yakazidi. Baada ya ibada tulisimama nje ya kanisa, pale ambapo sadaka za ndizi na mayai hunadiwa, na watu wanashindana kununua jogoo aliyefungwa miguu. Nilimsikia bibi akiwaambia akina mama wenzake habari ya bakuli. Kicheko kikaruka kutoka kanga hadi kanga. "Mwalimu wenu anaosha vizuri lakini," alisema mmoja, "mpelekeeni na masufuria." Mwalimu alikuwa amesimama si mbali, na sweta yake ya kijani. Sijui alisikia kiasi gani. Aliinamisha kichwa, akatazama jogoo.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, aliniita. Alikuwa amesahau kamusi chumbani. "Kimbia ukaniletee, iko kwenye meza." Nilisita, kwa kuwa nilikatazwa kwenda. Nikajiambia kwamba nimekatazwa kwenda kusoma, sikukatazwa kwenda kutumwa. Nimekuwa mtu wa kutafuta mianya tangu zamani.

Kamusi ilikuwa mezani kweli. Lakini mimi, kwa ile tabia yangu ya kuchungulia vyombo, nilitazama na kopo la unga. Lilikuwa limeoshwa, limefudikizwa. Kopo la sukari vivyo hivyo. Jiko la mkaa lilikuwa baridi, majivu yake ya zamani, na pembeni kulikuwa na chumvi kwenye karatasi, na maji. Basi. Chumba kizima kilikuwa kimefagiliwa vizuri mno, kama nyumba ya mtu asiye na kitu cha kudondosha.

Nilimpelekea kamusi. Alinitazama usoni, na uso wangu haujawahi kuficha kitu.

"Umeona," alisema.

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Mshahara wangu wa kwanza haujatoka. Utatoka. Mwalimu mkuu amesema utatoka." Akafungua kamusi, akaifunga. "Hata kwetu chombo hakirudi kitupu. Bibi yako anadhani sijui. Nilikaa na bakuli lile nikitafuta cha kuweka mpaka nikaona aibu ya kulikalia imezidi aibu ya kulirudisha. Usimwambie mtu. Hata bibi. Umesikia?"

"Ndiyo, mwalimu."

Sasa fikiria mzigo huo. Wale wawili wote walikuwa na haki, wote walikuwa wameumia, na mtu pekee aliyejua pande zote mbili alikuwa mtoto asiyeweza kumaliza sentensi. Nikisema, nimevunja ahadi na nimemvua mwalimu nguo mbele ya watu. Nisiposema, bibi ataendelea kumcheka kanisani mtu mwenye njaa, na siku akijua mwenyewe, itamuuma kuliko yote. Saa ya chakula cha mchana nyumbani nilishindwa kula, na bibi akaniwekea mkono kwenye paji la uso akitafuta homa.

Alasiri mwalimu alitupa kazi ya mdomo: kila mmoja aje kesho na sentensi zenye kitenzi jazia. Nadhani alilichagua neno hilo kwa ajili yangu, ili nipate neno moja ninaloliweza. Jioni, tukimenya ndizi za mtori, ile supu yetu nzito, bibi akasema, "Haya, sema hizo sentensi zako. Usije ukaaibika."

Nikaanza. Mtoto anajazia maji kwenye ndoo. Mkulima anajazia samadi kwenye migomba. Bibi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ndizi zilidondoka majini moja moja. Moshi uliingia machoni, na nilishukuru kwa kuwa ulinipa sababu.

"Nyingine," alisema bibi.

"Mtu hawezi kujazia bakuli la jirani kama kopo lake la unga ni tupu."

Kisu cha bibi kilisimama.

"Mtu gani?"

"Ni sentensi tu, bibi."

"Sentensi ina mwenyewe."

"Ni ya mfano. Mwalimu anasema tutoe mifano."

Sikuinua macho. Nilikuwa naimenya ndizi ile ile mpaka ikabaki nyembamba kama kidole changu. Mpaka leo sijui kama nilivunja ahadi au sikuivunja. Nimelijadili jambo hilo peke yangu kwa miaka yote hii na hukumu haijatoka.

"Na mfano wako huo," bibi aliuliza polepole, "kopo lake ni tupu tangu lini?"

"Sentensi haisemi, bibi."

Akarudi kumenya. Baada ya muda nikamsikia akisema kwa Kichagga, kwa sauti ya chini, maneno ambayo aliyatumia tu akiwa amekanyaga kifaranga kwa bahati mbaya.

Nilitegemea kwamba asubuhi atajaza bakuli chakula na kunituma. Ndivyo mimi ningefanya. Lakini bibi aliamka akaenda kwenye ua wa masale, ile mimea yenye majani marefu tunayoiotesha mpakani, akachagua jani moja la isale, akalifunga fundo katikati. Wewe kama si wa huku, nikwambie: Mchagga akikukosea, akakuletea isale lililofungwa, huna haja ya kumjibu kwa maneno. Unalipokea, na kosa limekwisha. Nilishawahi kuona isale likipelekwa kwa ugomvi wa mpaka, wanaume wazima wakilia. Nilikuwa sijawahi kuona likipelekwa kwa ajili ya bakuli.

Bibi akaliweka jani lile ndani ya bakuli lenye maua mekundu. Jani peke yake.

"Bibi, na chakula je?"

"Nikimwekea chakula leo nimemwongezea mzigo. Atakirudisha na nini?" Akanisukuma kwenye njia. "Nenda. Na kabla hujarudi, umwambie jioni tunakula mtori, aje. Mgeni anayekuja kwa miguu yake hana bakuli la kurudisha."

Mwalimu alikuwa anafunga mlango wake aende shule. Alipokea bakuli, akatazama ndani, na uso wake ukafanya kitu nilichokuwa sijawahi kukiona kwa mtu mzima, kama mtoto aliyepewa hesabu ngumu. Akalichukua lile jani, akaligeuza, akalinusa.

"Mwambie bibi ahsante," alisema. "Ila niambie, mboga hii inapikwaje?"

Niliuona msamaha wa bibi ukikatwakatwa, ukikaangwa kwa chumvi ile ya kwenye karatasi. Nilijua lazima niseme, na niseme vizuri, tena yote, na hapakuwa na mtu wa kunimalizia. Nikakwama. Mwalimu akasubiri, kama kawaida yake, funguo mkononi, na kengele ya shule inalia.

"Haipikwi, mwalimu," nilisema mwishowe. "Inapokelewa."

"Inapokelewa?"

"Bibi amekukosea. Hiyo ndiyo anaomba msamaha. Wewe unaipokea tu. Basi, yameisha. Na jioni uje tule mtori."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa. Mwalimu akaingia ndani tena, akalitia lile jani kwenye glasi ya maji, akaiweka dirishani, na tulipokuwa tukishuka kwenda shule alinishika mkono, ingawa nilikuwa mkubwa wa kutoshikwa mkono. Hakuniuliza bibi amejuaje.

Jioni alikuja, na bakuli mkononi. Nilikuwa karibu na sufuria, nikaona. Ndani ya bakuli kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, na ndani ya karatasi kulikuwa na chumvi.

"Shikamoo, bibi. Ndicho nilichonacho."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani? Wazazi hawajambo? Baridi haijakuua?" Bibi aliijazia salamu ile mpaka ikamwagika. Kisha akaifungua karatasi, akatazama, na kushangilia kama aliyeletewa mbuzi. "Mtori ulikuwa umepungua chumvi kweli! Nilikuwa najiuliza nitatoa wapi."

Msomaji wangu, mtori ule haukuwa umepungua chochote. Mimi mwenyewe niliuonja na kuutia chumvi, na bibi akaongeza nyingine. Lakini alisimama pale, akamwaga karatasi nzima ndani ya sufuria, mbele ya macho yetu, akakoroga, akaonja, na koo lake likapambana kidogo kabla ya kumeza.

"Sasa ndiyo umejaa," alisema.

Tulikula. Yeleuwi, tulikula! Ulimi uliwaka. Jirani wa juu, aliyefuata harufu kama kawaida yake, alimeza kijiko cha kwanza, akafungua mdomo kusema kitu, bibi akamkanyaga mguu, akasema, "Mtamu." Mwalimu aliomba kuongezwa. Tulikunywa maji mpaka ndoo ikaisha, na kwa mara ya kwanza niliingiza kikombe kwenye maji ya mwisho bila kuogopa, nikaichukua ndoo, nikatoka kwenda mfongoni gizani. Nilisimama kule nikisikiliza vicheko vyao kutoka jikoni, maji yakiingia kwenye ndoo, na nakumbuka niliwaza kwamba nisiondoke hapa, nikiondoka raha hii itapungua.

Yaliyopungua ni mengi. Mwalimu alihamishwa mwaka uliofuata, na sikumwona tena. Mama alirudi, akaondoka, akarudi, mpaka nikaacha kuhesabu. Bibi tulimzika kwenye kihamba chake, karibu na migomba aliyoijazia samadi maisha yake yote. Nilipopanda huko mara ya mwisho nilikuta kihamba kimegawanywa kwa wajomba. Jiko jeusi limebomolewa, na pale lilipokuwa pamejengwa choo cha vigae. Kwa jirani wa juu kuna geti na mbwa. Ua wa masale umeng'olewa, umewekwa ukuta wa tofali, na nikajiuliza watu wa ukuta ule wakikosana watapelekeana nini. Mfongo umekauka, kwa kuwa maji yanakuja kwa bomba lenye mita. Usiku sikulala, safari hii kwa sababu ya ukimya.

Hata vyombo vimebadilika. Siku hizi kwenye misiba na harusi unapewa chakula kwenye kopo jepesi, ukimaliza unatupa. Hakuna cha kuosha wala cha kurudisha, na hakuna mtu wa kulala akiwaza. Mtu kama mimi angepaswa kufurahi.

Lakini bakuli hili la bati bado lipo mezani, na jioni imeingia. Nimefikiria kupeleka chumvi. Kisha nikawaza, hapa Pasua, jirani akikuletea chumvi kwenye karatasi wakati jua linazama, unadhani nini? Utadhani uganga. Nimefikiria isale, lakini huku mjini nitalipata wapi, na mama wa chumba cha pili si Mchagga, ataniuliza linapikwaje. Imebaki njia moja, ambayo mwalimu wangu hakuiweza na mimi ndiyo naiogopa kuliko zote: sentensi.

Nimepita mlango wa mbele. Nimegonga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. He! Kumbe upo. Nilidhani umehama na bakuli langu."

"Nimelileta, mama." Nikakwama. Hakunimalizia, alikuwa anafuta mikono kwenye kanga. "Ila sina cha kujazia."

Akanitazama, kisha akatazama ndani ya bakuli, kisha mimi tena.

"Na nani kakuuliza?" Akaninyang'anya, akaingia ndani, nikasikia mwiko ukigonga sufuria. Alirudi nalo limejaa wali na maharage, limefunikwa kwa sahani. "Shika. Na acha kuzunguka huko nyuma ya bafu, matembele yangu yote umeyakanyaga."

Nimerudi chumbani. Bakuli liko mezani, linatoa mvuke. Nakula polepole, safari hii nimekaa, maana najua nikifika chini nitakutana na bakuli tupu, na itabidi nigonge tena.